Mwongozo kamili: namna ya kuandika na kumaliza riwaya ya maajabu kwa vijana, ukiwa Kigoma

Miswada ya fantasia na ya kisayansi ninayoletewa na vijana na walimu wa huku kwetu hufia mahali pamoja, sura ya tatu au ya nne. Mwanzo huwa mzuri. Mtoto anaokota kitu cha ajabu ufukweni, msomaji anajiweka sawa kusikiliza, kisha hadithi inapotea njia. Kila mhusika akibanwa, anapata nguvu mpya. Kila ukurasa unaleta adui mpya. Mwandishi anachoka, anaweka kalamu chini, anasema ameishiwa mawazo.

Mimi sikubaliani na sababu hiyo. Mawazo yamejaa tele kwenye miswada hiyo. Kinachokosekana ni sheria za lile ajabu na bei anayolipa anayelitumia. Ukivipata hivyo viwili, sura ya tano inajileta.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumaliza riwaya ya maneno 25,000 hadi 35,000 kwa wasomaji wa miaka 10 hadi 14. Nimeupanga kwa anayeishi Kigoma, mjini au vijiji vya ukanda wa ziwa. Aliyeko Tabora afuate hatua hizi hizi, ila mahali ninaposema ziwa aweke misitu ya miombo, mizinga ya nyuki na stesheni ya reli.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kaunta buku mbili. Moja ni ya hadithi, nyingine ni ya sheria, ramani na orodha ya mambo ya kurekebisha. Usizichanganye, maana baadaye utahitaji kuzifungua zote mbili kwa wakati mmoja.

Kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mji wetu unaishi kwa mwezi, na riwaya yako itaishi hivyo hivyo.

Simu yenye kinasa sauti.

Watoto watatu wa umri wa wasomaji wako ambao si wanao wala wanafunzi wako. Mtoto anayekuogopa au anayekupenda atakwambia hadithi ni nzuri hata kama amesinzia.

Saa moja kwa siku ambayo kila mtu nyumbani anajua haiguswi. Kompyuta itahitajika mwishoni tu, wakati wa kuchapa.

## Hatua ya 1: Chagua ajabu moja tu

Msomaji mdogo yuko tayari kukubali uongo mmoja mkubwa. Ukimpa wa pili anaanza kutilia shaka hata ule wa kwanza. Kwa hiyo chagua kitu kimoja kisichowezekana, na kila kingine katika riwaya kiwe kama kilivyo Kigoma.

Huna haja ya kuagiza ajabu hilo kutoka kwa watu wengine. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani. Kuanzia mita 200 hivi kwenda chini maji hayana hewa ya oksijeni na samaki hawaishi humo. Mwanga wa jua nao haufiki huko, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili ni giza tupu, na mvuvi wa Kibirizi, mwalo wetu wa kushushia samaki, anayetandaza wavu wake usiku anaelea juu ya giza hilo. Mtoto akiambiwa hivyo, mwenyewe ataanza kuuliza kuna nini huko chini. Hapo ndipo pa kuanzia.

Nitajenga mfano mmoja kuanzia hapa mpaka mwisho, ili uone hatua zinavyoshikana. Mhusika ni Tatu, msichana wa miaka 12 wa Kibirizi. Ajabu ni karabai ya marehemu babu yake. Wavuvi wengi sasa wanatumia taa za betri na sola, kwa hiyo karabai hiyo inaning'inia stoo na hakuna anayeijali. Ikiwashwa juu ya maji, haivuti dagaa. Inavuta vilivyozama.

Ndivyo ajabu linavyotakiwa kuwa. Linasemeka kwa sentensi moja isiyo na "na pia".

Tahadhari: majumba ya mawe yenye minara, theluji, na mazimwi yanayotema moto yaache. Unaweza kuyapenda kama msomaji, nami nayapenda. Lakini hujawahi kushika theluji, na utakapofika mahali pa kusema inanukaje au inafanya nini vidole, utaandika ulichosoma kwa mwingine. Dagaa wanaoanikwa unawajua mpaka harufu yake inavyobadilika jua likiwa kali.

Utajua umefaulu ukimwambia mtoto sentensi yako moja naye akauliza, "Halafu?"

## Hatua ya 2: Andika sheria tatu na bei moja

Hatua hii ipewe muda kuliko zote. Wiki nzima ukikaa hapa hujapoteza kitu.

Ajabu lisilo na sheria huua taharuki, kwa sababu msomaji anajua mhusika ataokolewa na jambo lolote litakalomjia mwandishi kichwani. Ajabu lenye sheria humfanya msomaji afikirie pamoja na mhusika, ajaribu kutafuta upenyo yeye mwenyewe. Raha ya kusoma fantasia iko hapo.

Sheria za karabai ya Tatu ni hizi.

Kwanza, inafanya kazi usiku wa giza tu. Mwezi ukishakua, inawaka kama karabai nyingine yoyote. Sheria hii sikuitoa mbali. Wavuvi wa dagaa wanajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, ndiyo maana siku hizo mitumbwi hupumzika mwaloni. Nimeichukua desturi hiyo nikaipa karabai. Faida yake ni kubwa: nimepata ratiba bila kuibuni. Kila mwezi Tatu ana usiku chache za kazi, na baada ya hapo lazima angoje. Msomaji naye atangoja.

Pili, inavuta kitu ambacho anayeishika analijua jina lake, na lazima alitaje kwa kinywa bila kulisoma mahali.

Sheria ya tatu, kilichopanda hakirudi chini. Ukikosea, utaishi na ulichokiibua.

Na bei: kila kitu kikipanda, aliyeshika karabai anasahau jina la mtu mmoja. Hachagui ni nani.

Angalia jinsi bei inavyogombana na sheria ya pili. Karabai inataka majina, na karabai hiyo hiyo inakula majina. Kadiri Tatu anavyoitumia ndivyo anavyopoteza uwezo wa kuitumia. Ukipata mgongano wa namna hiyo kati ya sheria na bei, riwaya yako imeshapata injini. Usipoupata, badilisha bei. Kuumwa kichwa au kuzimia si bei, kwa sababu sura inayofuata mhusika anaamka mzima na maisha yanaendelea. Bei nzuri ni ile inayochukua kitu ambacho mtoto huyo hasa hawezi kukikosa.

Sasa jaribu kuivunja kazi yako. Jiulize maswali ambayo mtoto mjanja atauliza, na la kwanza litakuwa hili: kwa nini Tatu asiandike majina yote kwenye daftari? Ni swali halali, lazima lijibiwe ndani ya hadithi. Jibu langu ni kwamba akiandikiwa jina anaweza kulisoma, ila halimkai. Akifunga daftari tu limeshatoka. Ndiyo sababu niliweka kwenye sheria ya pili yale maneno "bila kulisoma mahali". Kila swali la mtoto linakufundisha mahali pa kuziba.

Bei nayo usiieleze. Ionyeshe. Hivi ndivyo mara ya kwanza inavyoweza kuandikwa:

*Asubuhi Tatu alitumwa mandazi. Alifika kwa mama yule yule, kwenye meza ile ile yenye kitambaa cha maua. "Shikamoo..." alisema, akanyamaza. Mdomo ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameshaanza kufunga mandazi matano kwenye gazeti, kama kila siku. "Marahaba, mwanangu. Leo umenisahau hata jina?" Akacheka. Tatu naye akajaribu kucheka.*

Neno "uchawi" halimo, wala karabai haikutajwa. Msomaji aliyeziona sheria anaelewa kilichotokea, tena anaogopa kabla ya Tatu mwenyewe.

Kama yako ni ya kisayansi. Kanuni haibadiliki, ila hapa unavunja jambo moja la sayansi na kuyaheshimu mengine yote. Tuseme watoto wako wanatengeneza chombo cha kushuka ziwani. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo wa maji huongezeka kiasi kinacholingana na mgandamizo wote wa hewa iliyo juu yetu. Kwenye mita 1,000 ni kama mara mia moja. Pipa la mafuta la chuma litafinywa kabla ya kufika popote, hivyo chombo chako kinahitaji maelezo mazuri, na maelezo hayo ndiyo uongo wako mmoja. Mawimbi ya simu hayafiki mbali majini, basi usiwape simu huko chini. Sauti, kwa upande wake, husafiri majini kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Wape nyundo na kipande cha reli, wagonge, wenzao wasikilize. Utaona kikwazo cha sayansi kinakuzalia tukio ambalo usingelibuni.

Tahadhari: baada ya sura ya tano usiongeze sheria. Ukijikuta sura ya kumi na nne unahitaji sheria mpya ili kumwokoa mhusika, rudi ukaipande sura ya tatu, au mwache apate hasara.

## Hatua ya 3: Mtoto awe na haja kabla ya kupata ajabu

Hapa ndipo "kuokoa dunia" hupoteza watu. Mtoto wa miaka 12 hajui dunia inaokolewaje, na msomaji wake pia hajui. Mpe haja ndogo, inayopimika, yenye tarehe.

Boti ya baba yake Tatu ilizama kwa upepo ikiwa na injini ya mkopo. Tajiri mwenye injini amesema atakuja mwisho wa mwezi. Asipokuta injini wala hela, baba ataondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo ya ziwa, Kongo, mpaka deni liishe. Tatu anataka injini ile ipande. Basi. Msomaji anaweza kuhesabu siku pamoja naye.

Waandishi wengi huwaua wazazi ukurasa wa pili ili mtoto apate uhuru. Kigoma huna haja ya kumzika mtu. Baba mvuvi yuko ziwani usiku kucha. Mama anaamka alfajiri kupokea mzigo na kuanika. Kati ya saa hizo mtoto yuko peke yake, na hakuna mwenye kosa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mwandishi mwenye jicho ataona kuna riwaya nzima ndani ya miezi hiyo, mitumbwi yote ikiwa nchi kavu na taa moja tu ikionekana majini.

Hatua imekamilika ukiweza kujaza sentensi hii: *Fulani anataka ___ kabla ya ___, la sivyo ___.* Ikibaki na pengo, usiende mbele.

## Hatua ya 4: Chora ramani, kisha utembee juu yake

Kwenye kaunta buku ya sheria chora mji kwa mkono wako: stesheni ya reli, bandari, Mwanga, barabara ya kwenda Ujiji, mwalo wa Kibirizi, Katonga. Weka nyumba ya mhusika. Weka mahali ajabu linapofichwa. Halafu andika inachukua muda gani kutoka hapa hadi pale kwa mguu, kwa bodaboda, na kwa mtumbwi wa kasia.

Sababu ni kwamba nusu ya taharuki katika riwaya ya safari ni muda. Mhusika akikimbia kutoka Ujiji hadi bandarini kwa dakika tano, msomaji wa Kigoma atafunga kitabu, na huyo ndiye msomaji uliyemtaka zaidi ya wote.

Kama safari inatoka nje ya mji, fuata njia zilizopo. Maboti ya abiria ya vijiji vya kaskazini yanaondokea Kibirizi, upande huo huo wa Gombe. Treni kwenda Tabora inapita Uvinza, Nguruka, Kaliua na Urambo. Ukimtoa mtu Kigoma ukamshusha Urambo kabla ya Uvinza, umepoteza imani ya kila aliyewahi kupanda behewa hilo.

Mahali unapoweza kwenda, nenda. Kaa mwaloni saa ya alfajiri ukiwa na kinasa sauti. Usitafute visa vya kusimulia. Sikiliza bei zinavyotajwa, namna watu wanavyoitana, na nani anashika ndoo na nani anashika hela. Kabla ya kurekodi mazungumzo ya mtu, mwombe ruhusa.

## Hatua ya 5: Jenga mifupa ya sura 20

Chukua kurasa 20, sura moja ukurasa mmoja. Kila ukurasa andika mistari mitatu: mhusika anataka nini hapa, nini kinamzuia, na mwisho wa sura kitu gani hakiwezi kurudi kilivyokuwa. Mstari wa tatu ukikosekana, hiyo bado si sura. Iunganishe na jirani yake.

Mgawanyo ninaoutumia ni huu. Sura 1 hadi 4: haja, ajabu, jaribio la kwanza. Sura 5 hadi 9: mhusika anaizoea nguvu na kufurahia, wasomaji nao wafurahi pamoja naye, usiwanyime raha hii kwa haraka ya kufika kwenye hatari. Sura ya 10: bei inauma kwelikweli kwa mara ya kwanza. Sura 11 hadi 16: kila njia inazibwa. Sura 17 hadi 20: mhusika anashinda au anapoteza kwa kutumia sheria zile zile alizozijua tangu mwanzo.

Jambo gumu ni hilo la mwisho, kwa hiyo niende nalo polepole.

Boti ya baba yake Tatu inaitwa *Bi Mwanaidi*, jina la bibi. Katika sura ya 16 karabai inakula jina hilo hilo. Sasa Tatu hawezi kuita boti. Hawezi kusomewa, hawezi kuandikiwa. Msomaji anaamini yote yamekwisha. Suluhisho litoke wapi?

Litoke sura ya 6, ambako nilikuwa nimelificha mbele ya macho ya kila mtu. Katika sura hiyo Tatu na wanafunzi wenzake wanapelekwa bandarini, na mwalimu anasimulia habari za Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa na adui. Iliibuliwa mwaka 1924, na iliporudi kazini mwaka 1927 jina lake lilikuwa Liemba. Msomaji anadhani amepewa somo la kawaida la mwalimu. Alichopewa ni ufunguo: chombo kinaweza kuwa na jina jingine la zamani.

Sura ya 17 Tatu anakumbuka kwamba baba aliinunua boti ile kwa mtu na kuipaka rangi upya. Chini ya rangi palikuwa na jina la kwanza. Fundi aliyeiunda yupo Katonga, mzee, na usiku wa giza uliobaki ni mmoja.

Umeona sikuongeza sheria hata moja. Jina la zamani ni jina vile vile. Kila tukio la mwisho lazima liwe na mzizi wake kabla ya sura ya 10, na mzizi huo uwe na sababu nyingine ya kuwepo, ili msomaji asiunuse. Ziara ya bandarini ilikuwa na sababu zake: ndiko Tatu alikogombana na rafiki yake.

Tahadhari kuhusu Liemba na vitu vya kweli kwa jumla: meli hiyo imewahi kukaa miaka bila safari kwa ajili ya matengenezo. Kama riwaya yako ina mwaka maalumu, usiwapandishe watu ndani yake kabla ya kuuliza bandarini kama ilikuwa inasafiri wakati huo.

## Hatua ya 6: Andika ukurasa wa kwanza mara kadhaa

Ukurasa wa kwanza uwe na mtoto anayefanya kitu, mahali panapotambulika, na dalili moja kwamba mambo hayako sawa. Historia ya ajabu isiwepo kabisa. Wengi huanza hivi: "Miaka elfu iliyopita, kabla ya binadamu kuja, kulikuwa na taa iliyotengenezwa na majini wa ziwa..." Msomaji hajamjua mtu yeyote bado. Miaka elfu ya nani?

Mfano wa kinyume chake:

*Injini ya tajiri ilikuwa imelala mita nyingi chini ya maji, na tajiri alikuwa amekaa sebuleni kwao akinywa chai. Tatu alimwongezea sukari bila kuulizwa. Baba alikuwa ameangalia mlangoni tangu mgeni alipoingia. "Mwezi huu," tajiri alisema, akakoroga. "Nikirudi, nisisikie habari za upepo."*

Kuna deni, tarehe, ziwa, na baba aliyenyong'onyea. Karabai itakuja sura ya pili, nayo ikija msomaji atakuwa anaisubiri bila kujua.

## Hatua ya 7: Rasimu ya kwanza, bila kurudi nyuma

Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa mwendo huo maneno 30,000 yanakamilika ndani ya wiki 12. Siku ukiandika 800, kesho yake bado unadaiwa 500.

Usisome ulichoandika jana zaidi ya aya ya mwisho. Ukikumbuka kosa la sura ya pili ukiwa sura ya tisa, liandike kwenye kaunta buku ya pili na uendelee kama vile umeshalirekebisha. Anayerudi nyuma kurekebisha hubaki na sura tatu safi na riwaya isiyokuwepo.

Kuhusu lugha, mambo machache. Majina ya vitu vya ajabu yatoke kwenye Kiswahili au kwenye lugha ya nyumbani unayoijua vizuri. Jina ambalo mtoto hawezi kulitamka ataliruka, na akishaliruka ataliruka na tukio lake. Mazungumzo yafuate adabu za mahali: Tatu hawezi kumkabili tajiri kwa jina lake tupu hata akiwa na hasira, na hasira inayopita ndani ya "shikamoo" inachoma zaidi. Kiha kidogo katika vinywa vya wazee kinanogesha, mradi maana ionekane kwenye tendo linalofuata. Sentensi ziwe fupi watu wakikimbia. Wakingoja mwezi upungue, ziache zirefuke.

Sehemu ya kutisha iandike wazi, lakini usimwache mtoto peke yake humo. Wasomaji wa umri huu wanavumilia hofu kubwa kama kuna mkono wa mtu karibu, hata uwe wa rafiki aliyegombana naye.

## Hatua ya 8: Wasomee watoto watatu

Subiri wiki mbili baada ya kumaliza, kisha uwasomee kwa sauti sura ya 1, ya 5 na ya 10. Usiwape karatasi. Ukisoma, angalia miguu yao. Mtoto anayechoka huanza kuchezesha miguu kabla hajajua kama amechoka. Weka alama ya penseli pale pale.

Usiulize kama imependeza. Uliza maswali haya: Unadhani nini kitatokea? Karabai haiwezi kufanya nini? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wakijibu la pili sawasawa, sheria zako zimeeleweka. Wakibishana kuhusu la tatu, una riwaya.

Wakikwambia wameshajua mwisho, usihuzunike haraka. Waulize wamejuaje. Kama wamebashiri kwa kufuata sheria, uko karibu sana. Ficha tu ule mzizi vizuri zaidi.

## Hatua ya 9: Kata, kisha nyoosha

Soma muswada wote ukiwa na kinasa sauti, halafu ujisikilize. Kila unapotamani kuruka mbele, kata. Mara nyingi kinachokatwa ni maelezo ya ajabu yanayorudiwa, ndoto za mhusika, na hotuba za adui.

Kisha pitia ile orodha kwenye kaunta buku ya pili, kosa moja baada ya jingine, ukifuta yaliyokwisha. Angalia hasa tarehe za mwezi. Kama sura ya 4 ni usiku wa giza, usiku wa giza mwingine uko takriban siku 29 au 30 mbele, si wiki moja. Kalenda uliyoandaa mwanzoni ifunguliwe hapa.

Muswada ukipungua kwa sehemu moja ya kumi bila hadithi kupungua, umefanya kazi yako.

## Hatua ya 10: Kuutuma

Chapa kwa nafasi mbili kati ya mistari, kurasa ziwe na namba. Andika muhtasari wa ukurasa mmoja unaotaja mwisho wa hadithi. Wengi huficha mwisho wakidhani wanamtamanisha mhariri, kumbe mhariri anataka kuona kama unajua kufunga ulichofungua. Taja sheria za ajabu na bei yake kwenye aya ya pili ya muhtasari huo.

Njia za kutokea ziko kadhaa. Wachapishaji wa Dar es Salaam wanapokea miswada. Soma kwanza vitabu walivyokwishatoa kwa vijana kabla ya kuchagua wa kumwandikia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Fuatilia tangazo lao la mwaka husika na usome masharti ya urefu na umri kabla ya kugusa muswada. Ukiamua kuchapisha mwenyewe, namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Na kama unalenga kitabu kitumike shuleni, ithibati ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo uliza taratibu zao kabla hujapeleka kazi kiwandani.

Mtu akikutaka ulipe ili "akusomee" muswada na kukuhakikishia utachapwa, chukua kazi yako uondoke. Mkataba wowote usiweke sahihi siku ile ile. Uombe nakala, uende nayo nyumbani, umpe mwanasheria au mwandishi aliyekutangulia ausome.

Kabla ya kutuma, jitumie nakala kwenye barua pepe yako, weka nyingine kwenye flashi, na kaunta buku zote mbili zihifadhi mahali pakavu. Ile ya sheria utaihitaji tena, kwa sababu watoto wale watatu watakuuliza karabai sasa iko kwa nani.